Kibutzi: Kazi, Familia na Usawa (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Mazungumzo yakifika kwenye ujamaa, hasa hapa Tanzania, hakosi mtu wa kuuliza: "Na wale wa kibutzi kule Israel, wao waliwezaje?" Baada ya hapo maswali ni yaleyale. Hela anashika nani? Anayepika ni nani? Mtoto ni wa nani? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Neno lenyewe limeingia kwenye Kiswahili bila shida, kibutzi na vibutzi kama kitabu na vitabu, nami ndivyo nitakavyoliandika.

Kibutzi ni kitu gani hasa?

Ni kijiji ambacho wanachama wake wamekubaliana kumiliki mali kwa pamoja, kufanya kazi kwa pamoja, na kugawana kipatacho bila kuangalia nani kaleta kingi na nani kaleta kidogo. Mifugo, matrekta, kiwanda na nyumba ni vya wote. Ardhi kwa kawaida ni ya taifa, na kijiji kinaikodi kwa muda mrefu.

Cha kwanza ni Degania, mwaka 1910, pale Mto Yordani unapotoka kwenye Ziwa la Galilaya upande wa kusini. Walikuwa watu 12, wanaume 10 na wanawake 2, Wayahudi vijana waliotoka Ulaya ya Mashariki wakati Palestina ikiwa chini ya Waturuki wa Osmani. Hawakutaka kuwa vibarua wa msimamizi, wala hawakutaka kuwa mabwana wa vibarua. Kutoka kwao vikazaliwa vingine, hata leo ni takriban vibutzi 270. Wakazi wake hawajawahi kufika hata asilimia 10 ya watu wa Israel, na siku hizi hawafiki 3. Sauti yao nchini, hata hivyo, ilikuwa kubwa kuliko idadi yao kwa miaka mingi.

Ni kweli hakuna mshahara?

Kwenye kibutzi cha asili, hakuna. Daktari wa kijiji akiajiriwa hospitali ya mjini, mshahara wake unakwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa kijiji. Anayeosha sufuria jikoni anapata kilekile anachopata daktari: nyumba, chakula, matibabu, shule ya watoto, na posho ndogo ya mwaka ya mahitaji binafsi. Kinachoongeza posho ya familia ni idadi ya watu, si cheo cha baba wala elimu ya mama.

Lakini tusiishie kwenye kanuni, maana usawa wa kweli unaonekana kwenye vitu vidogo. Chukua shati. Miaka ya mwanzo, kwenye vibutzi vingi hata nguo hazikuwa na mwenyewe. Kabla ya Sabato unapita ghala la nguo, unakabidhiwa shati safi na suruali safi zinazokaribia kukuenea, na shati ulilovaa wiki iliyopita unaliona mgongoni kwa mwenzako. Watu wakachoka. Wafupi walipewa ndefu, wanene walipewa za kubana. Hapo ikakubaliwa kila mtu awe na nguo zake, ila ziendelee kufuliwa pamoja, na ili zisipotee kila mwanachama akapewa namba inayoshonwa ndani ya kola, kwenye soksi, kwenye shuka. Mtu aliyekulia huko anaweza kusahau mengi lakini namba yake ya dobi haisahau.

Kisha ikaja birika. Birika la chai chumbani! Wapo walioliogopa kweli: mtu akiwa na birika lake atakunywa chai chumbani na mkewe, hatakaa tena na wenzake ukumbini jioni, na kijiji kitakuwa nyumba zilizopangana tu. Mijadala ya namna hiyo ilikesha kwenye mikutano mikuu. Baada ya birika ikaja redio, halafu jokofu, halafu televisheni. Miaka ya 1950 lilikuja jambo zito zaidi: Ujerumani ilipoanza kulipa fidia kwa manusura wa mauaji ya Wanazi, hela ziliandikwa jina la mtu mmoja mmoja. Sasa mwanachama aliyepoteza baba, mama na ndugu zake wote, fidia yake aiweke kwenye mfuko wa kijiji? Kanuni ilisema ndiyo. Wengi waliitoa, wengine waliondoka, na vijiji vingine vilimwachia mwenyewe sehemu yake. Mimi siwezi kumlaumu yeyote kati yao.

Nani anapanga kazi?

Yupo mpanga kazi, mwanachama aliyechaguliwa kwa muda. Kila jioni anabandika orodha ukumbini: fulani ng'ombe, fulani matunda, fulani jikoni. Ni cheo kisicho na raha, kwa sababu hakuna anayefurahi kuona jina lake kwenye kuosha vyombo siku ya sikukuu. Juu yake kuna mkutano mkuu wa wanachama, kwa desturi Jumamosi usiku baada ya Sabato kuisha, na kila mmoja ana kura moja.

Kwa nadharia vyeo vinazunguka. Katibu wa kijiji akimaliza muda wake anarudi kwenye banda la kuku, na zamu ya ukumbi wa chakula haimruki mtu. David Ben-Gurion alipojiuzulu uwaziri mkuu mwaka 1953 alihamia kibutzi cha Sde Boker jangwani Negev, akapangiwa kazi ya kondoo. Kwa vitendo, wenye uwezo wa kuongoza walizunguka vyeo baina yao wenyewe, leo katibu, kesho mhasibu, keshokutwa meneja wa kiwanda. Hawakulipwa zaidi, ni kweli. Ila gari la kijiji lilikuwa mikononi mwao mara nyingi zaidi, na safari za nje pia.

Wanawake walipata usawa?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia.

Walianza na nia safi. Kwenye Kiebrania neno la kawaida la mume ni "baal", yaani mmiliki, bwana. Sisi tunaelewa vizuri, kwani hata kwetu mwanamke anasema "bwana wangu" na neno lilelile ndilo la mkubwa wa kazi. Wanawake wengi wa kibutzi walilikataa neno hilo, wakasema "mtu wangu" au "mwenzangu". Na haikuwa maneno matupu. Mwanamke hakula kwa jasho la mumewe. Alikuwa mwanachama kwa haki yake, na akiachana na mume hakupoteza nyumba, chakula wala shule ya watoto. Ukifikiria ni wanawake wangapi wanavumilia vipigo kwa sababu hawana pa kulala wala cha kulisha watoto, utaona ukubwa wa jambo hilo.

Degania kulikuwa na Miriam Baratz. Ilichukuliwa kwamba wanawake watapika na kufua huku wanaume wakilima. Yeye akataka ng'ombe. Alijifunza kukamua, akawa mtu wa zizi. Mwaka 1913 akajifungua Gideon, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwenye kibutzi, na pale pale kikundi kikajikuta na swali ambalo hakikuwa kimelifikiria: mama akinyonyesha, nani anakamua? Na gharama za mtoto ni za wazazi au za wote? Walikubaliana mtoto ni mzigo wa kundi zima kwa gharama. Kwa kazi ya mikono, hapo ndipo palipobaki pagumu.

Watoto walipoongezeka kijiji kiliamua kuwalea pamoja ili mama awe huru kwenda shambani. Wazo zuri. Lakini kuwalea pamoja kunataka walezi, na walezi waliochaguliwa walikuwa wanawake. Kupika pamoja kunataka wapishi, kufua pamoja kunataka wafuaji. Kufika katikati ya karne, wanawake wengi wa vibutzi walikuwa jikoni, dobi na nyumba za watoto, na wanaume wengi mashambani, kwenye karakana na kiwandani. Mwanamke aliyeachiliwa kupikia watu watano nyumbani akajikuta anapikia watu mia tano ukumbini, na aliyepumzishwa kulea watoto wake wawili akawa analea sita wa wenzake. Na kwa kuwa shamba na kiwanda ndivyo vilivyoingiza hela, sauti ya wenye shamba na kiwanda ikawa nzito zaidi mkutanoni.

Kuna wataalamu waliosema huu ni ushahidi kwamba wanawake kwa asili hupenda kazi za malezi. Sikubaliani nao. Jaribio lilifanyika nusu tu. Wanawake walitakiwa wajifunze trekta, na wengine walijifunza. Wanaume hawakutakiwa wajifunze kumbadilisha mtoto nepi. Usawa ulieleweka kuwa ni mwanamke kufanya kazi ya mwanamume, na ile kazi aliyoiacha nyuma hakuna aliyepangiwa kuichukua isipokuwa mwanamke mwingine.

Watoto walilala wapi?

Kwa miongo kadhaa, kwenye vibutzi vingi, walilala kwenye nyumba ya watoto na si kwa wazazi wao. (Degania yenyewe haikufanya hivyo, watoto wake walilala nyumbani.) Mtoto alipelekwa nyumba ya wachanga akiwa na siku chache, mama akawa anakwenda kumnyonyesha. Akikua anahamia kundi la rika lake na mlezi wake. Rika hilo lilikula pamoja, lilioga pamoja, lilisoma pamoja hadi utu uzima.

Siku ilikwenda hivi. Mchana wazazi kazini, watoto na mlezi na walimu. Alasiri kazi ikiisha, wazazi wanaoga, wanabadilisha nguo, na kuanzia kama saa kumi mpaka saa moja au mbili usiku ni wakati wa familia. Wengi waliokulia huko wanasimulia saa hizo kwa furaha: baba hana simu, mama hapiki, hakuna vyombo vya kuosha, wote wawili wapo nawe kikamilifu. Baadaye vijiji vingine viliongeza kile walichokiita saa ya upendo, mama anatoka kazini kidogo asubuhi kwenda kumwona mtoto.

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Mzazi anamlaza mtoto, anamsimulia hadithi, anambusu, anaondoka. Walinzi wa usiku, wanawake wa zamu, walizunguka nyumba hadi nyumba, na baadaye walisikiliza kwa vipaza sauti vilivyofungwa vyumbani. Mtoto akiamka kwa ndoto mbaya, anayekuja ni mlinzi wa wiki hii, na wiki ijayo ni mwingine. Wapo watu wazima leo wanaosema hawakuona tatizo, walikuwa na wenzao chumbani. Na wapo wanaokumbuka kukimbia gizani peku hadi mlango wa wazazi, wakarudishwa. Ninaamini pande zote mbili.

Walioanza kudai watoto warudi walikuwa zaidi akina mama. Kuanzia miaka ya 1970 kijiji baada ya kijiji kilipiga kura na kuongeza vyumba kwenye nyumba. Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, makombora ya Iraki yalipoangukia Israel, viliharakisha mambo, kwani mzazi gani angekubali kulala mbali na mwanawe usiku wa namna ile? Mwisho wa miaka ya 1990 hapakuwa na kibutzi ambacho watoto bado walilala mbali na wazazi.

Kwa hiyo ndoa na familia zilipigwa vita?

Hazikukatazwa, ila mwanzoni zilitazamwa kwa mashaka: watu wawili wakipendana sana, kundi linapungukiwa. Wapenzi waliomba chumba kimoja, basi wamekuwa mume na mke. Na chumba chenyewe hakikuwa cha wawili kila mara. Miaka ya 1930 na 1940 nyumba zilipokuwa chache, mtu wa tatu aliwekwa kwenye chumba cha wanandoa, akapachikwa jina la "primus", kama jiko la mafuta ya taa lile la pampu, kwa sababu ya miguu yake mitatu.

Golda Meir, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alijiunga na kibutzi cha Merhavia mwaka 1921 na mumewe Morris. Alikuwa kwenye kuku, na aliyapenda maisha yale kwa moyo wote. Morris hakuyapenda, wala hakutaka watoto wake walelewe na kijiji. Wakaondoka baada ya miaka michache.

Ni kweli watoto waliolelewa pamoja hawaoani?

Karibu kweli. Mtafiti Joseph Shepher, mwenyewe mwanakibutzi, alichunguza ndoa 2,769 za watu waliokulia kwenye vibutzi, na zilizowahusu watu wa kundi moja la malezi hazikuzidi 14. Hakuna aliyewakataza. Waliochangia beseni la kuogea utotoni waliishia kuonana kama ndugu.

Usawa huu ulikuwa wa kila mtu?

Hapana, na ukurasa kama huu ukilikwepa hili hautendi haki.

Kwanza, Waarabu wa Palestina. Vibutzi vilijengwa na Wayahudi kwa ajili ya Wayahudi, na usawa ule uliishia kwenye uzio. Vingine viliwekwa juu ya mashamba ya vijiji ambavyo watu wake waliondolewa kwenye vita vya 1948. Baram, kaskazini, kilianzishwa mwaka 1949 kwenye ardhi ya Kafr Bir'im, kijiji cha Wakristo Wamaroni walioahidiwa kurudi na hawakurudishwa hadi leo. Waanzilishi wake walikuwa watu wa mrengo wa kushoto walioamini undugu wa mataifa.

Pili, Wayahudi waliotoka Moroko, Yemeni, Iraki na kwingineko. Walipowasili kwa wingi miaka ya 1950 wengi waliwekwa kwenye miji mipya jirani na vibutzi, wakaajiriwa na vibutzi hivyo kama vibarua, wakati kanuni ya kibutzi ilikuwa kutoajiri. Serikali ndiyo iliyoshinikiza waajiriwe wapate riziki. Matokeo yake, mtu aliingia asubuhi kwenye kijiji cha usawa, akafanya kazi chini ya mwanachama, jioni akarudi mjini kwake kwenye nyumba ya chumba kimoja na nusu. Mwaka 1981 waziri mkuu Menachem Begin alipowasema watu wa kibutzi cha Manara na mabwawa yao ya kuogelea, alikuwa anagusa kidonda kilichokuwa wazi kwa miaka 30.

Kwa nini vibutzi vingi vilibadilika?

Madeni ndiyo yaliyofungua mlango. Mfumuko wa bei wa Israel ulipita asilimia 400 mwaka 1984, na serikali ilipoubana mwaka 1985 riba zikapanda vibaya. Vibutzi vilikuwa vimekopa sana kujenga viwanda na nyumba, na wakati huohuo vijana walikuwa wanaondoka. Mikataba na benki na serikali mwaka 1989 na 1996 iliviokoa, ila imani ilikuwa imetikisika.

Mabadiliko yakaanzia mezani: chakula ukumbini kikawa cha kulipia. Kisha umeme, kisha nguo, mwisho mishahara tofauti kulingana na kazi. Leo zaidi ya robo tatu ya vibutzi vinalipa hivyo, na kila mwanachama anakatwa kodi ya kijiji ili wazee na wenye kipato kidogo wasianguke. Degania ilipiga kura mwaka 2007, ikabadilika. Waliopata shida zaidi ni wazee waliotoa miaka 50 ya jasho bila akiba wala pensheni ya maana, kwa kuamini kwamba kijiji ndicho pensheni.

Kuna uhusiano na ujamaa wa Tanzania?

Upo. Baada ya uhuru Israel ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotuletea wataalamu wa ushirika na makazi vijijini, na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1963 iliangalia pia mfano wa vijana wao wanaochanganya jembe na bunduki. Uhusiano wa kibalozi ulivunjika mwaka 1973.

Tofauti kubwa iko mlangoni. Kibutzi huingii bila kuomba, ukakaa kwa majaribio, kisha wanachama wakakupigia kura. Ukitaka kutoka, unatoka. Hata Golda Meir alikataliwa mara ya kwanza. Ujamaa vijijini wa mwaka 1967 nao uliandikwa kuwa wa hiari, na watu wa Litowa kule Ruvuma walikuwa wameanza wenyewe kabla ya hapo. Chama chao kilivunjwa na dola mwaka 1969. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Nikisikia mtu anasema ujamaa ulishindwa kwa sababu Mwafrika hapendi kushirikiana, ninamkumbuka mkulima wa Litowa aliyekuwa anashirikiana vizuri mpaka alipozuiwa.

Vijana wetu wanaenda kufanya nini huko?

Wengi huenda mafunzo ya kilimo kwa vitendo: maziwa, mboga, na umwagiliaji wa matone, teknolojia iliyoanza kuuzwa duniani na Netafim, kampuni iliyoanzishwa na kibutzi cha Hatzerim mwaka 1965 na ambayo mipira yake leo unaikuta mashambani Kenya na Tanzania. Wanakwenda kama wanafunzi wa vitendo, si kama wanachama. Tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia vijiji vya karibu na Gaza, Watanzania wawili waliokuwa kwenye mafunzo hayo waliuawa. Walikuwa vijana wa vyuo vya kilimo, waliokwenda kutafuta ujuzi. Kila nikiandika habari za vibutzi huwa nawakumbuka.

Bado vipo vinavyoishi kama zamani?

Vipo, vichache. Hatzerim ni kimojawapo. Be'eri, kilichopoteza watu wapatao 100 siku ile ya Oktoba, kilikuwa bado cha kugawana sawa, na kiwanda chake cha uchapaji kilirudi kazini baada ya siku chache. Kuna pia vikundi vya mjini, kama Tamuz mjini Beit Shemesh na Migvan mjini Sderot, vilivyoanza mwaka 1987. Hawana shamba, wanafundisha, wanafanya kazi za jamii, kisha wanaweka mishahara pamoja.

Kinachonivutia zaidi ni Samar, kusini kabisa kwenye bonde la Arava, kilichoanzishwa mwaka 1976 na vijana waliokulia kwenye vibutzi vikubwa na kuchoshwa na kamati zake. Wao waliondoa mpanga kazi na waliondoa posho. Hela ya matumizi ilikaa kwenye kisanduku kilicho wazi. Unahitaji, unafungua, unachukua, unakwenda zako. Asubuhi kila mtu anajua mwenyewe anakwenda wapi, na mitende inahudumiwa, na ng'ombe wanakamuliwa.